Hadithi ya Mazombi Itishe Kiasi Gani?

(Hotuba iliyotolewa kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, Mosocho. Tumeiandika kama ilivyosemwa, ila salamu tumezipunguza.)

Katibu ameniambia nina nusu saa peke yake, na baada yangu kuna somo la kuku wa kienyeji. Najua wengi wenu mmekuja kwa sababu ya kuku, kwa hivyo sitawachelewesha.

Mwenyekiti aliponipa mada hii nilicheka. Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, nimezungumza juu ya maji safi, juu ya miche, juu ya mikopo, lakini sijawahi kuombwa kuzungumza juu ya maiti wanaotembea. Halafu nikakumbuka yaliyotokea katika mkutano uliopita, nikaacha kucheka.

Kwa wale ambao hawakuwepo, wacha niwaeleze. Kikundi chetu cha vijana kilichanga pesa kikanunua kompyuta mbili zilizotumika. Wawili kati yao wamejifunza kutengeneza gemu. Si gemu ya mpira. Hii ni gemu ya hadithi, ambapo anayecheza ndiye mtu mwenyewe ndani ya hadithi. Anashika kile kidude kwa mikono miwili, akibonyeza hapa anatembea, akibonyeza pale anapiga. Vijana wanatumaini kuiuza, na mimi nawaunga mkono. Mtu akiuza hadithi yake ni kama aliyeuza ndizi zake.

Basi walitusomea mpango wa hadithi. Ugonjwa unaingia Mosocho usiku. Wagonjwa wanakufa, halafu wanaamka wakiwa mazombi, yaani mwili unatembea lakini mtu mwenyewe hayumo. Barabara ya Kisii kwenda Kisumu imefungwa kwa magogo. Kijana mmoja, ambaye hana jina, ana panga na mtungi wa mafuta ya taa. Anapita boma baada ya boma. Katika boma la tatu anamkuta mwanamke mzee mlangoni. Macho yake ni mekundu, anatembea polepole, haongei. Unambonyezea mafuta, unawasha. Pointi 50.

Vijana walipiga makofi. Mzee mmoja akasema damu imezidi, ipunguzwe. Mama mmoja akasema gemu zote zipigwe marufuku, na vibanda vya gemu sokoni vifungwe. Mwandishi wa hadithi akajitetea: hii ni hadithi tu, na ukilinganisha na zile za ng'ambo haitishi hata kidogo. Wakabishana karibu saa nzima. Mimi sikusema kitu, kwa sababu nilikuwa nikimtazama mama mmoja aliyekaa nyuma. Pale kwenye mafuta ya taa aliinuka, akachukua kikapu chake, akaenda. Hajarudi mkutanoni tangu siku hiyo. Wengi hapa mnajua kwa nini.

Vijana hawakujua. Wengine wao hawakuwa wamezaliwa. Ndiyo maana lazima tuyaseme, hata kama hayapendezi kuyasema asubuhi.

Kati ya mwaka 1992 na 1994, katika nchi hii yetu ya Abagusii, watu wengi waliitwa wachawi wakachomwa moto na makundi ya majirani. Mwezi wa Mei 2008 walichomwa watu 11 kwa mkupuo mmoja, wanawake 8 na wanaume 3, wengi wao wazee sana. Iliripotiwa wakati ule kwamba watu walikuwa wameona daftari la shule, ambalo walisema lina kumbukumbu za mkutano wa wachawi, na majina ya watakaorogwa. Hebu fikirini. Daftari la shule! Mtu fulani alikaa akaandika hadithi, na hadithi ile ikatembea kutoka nyumba hadi nyumba. Na mwezi wa Oktoba 2021, hapo Marani tu, wanawake wanne waliuawa kwa shutuma hizo hizo. Marani si ng'ambo. Ukitoka hapa asubuhi unafika kwa miguu.

Sasa rudini kwenye boma la tatu la ile gemu. Usiku, mafuta ya taa, mwanamke mzee, macho mekundu. Mwandishi alidhani ametunga. Hakutunga, aliokota kitu kilichokuwa kimeanguka njiani miaka mingi kabla yake, bila kujua ni cha nani.

Kuhusu hayo macho mekundu ningependa kuongeza neno. Kule Tanzania, upande wa Shinyanga na Usukumani, wanawake wazee wengi wameuawa kwa miaka mingi, na ishara waliyotajwa nayo ni macho mekundu. Nani kati yenu anapika kwa kuni? Inueni mikono. Basi mnajua macho yanakuwaje baada ya miaka 50 ya moshi. Katika gemu nyingi za mazombi, dalili ya kwanza kwamba mtu amegeuka ni hiyo hiyo.

Kwa hivyo yule mzee aliyesema damu ipunguzwe, kwa heshima zote, sikubaliani naye. Ukiondoa damu yote, ukabakisha mwanamke asiye na jina anayetoweka kwa moshi mzuri mweupe na pointi 50 juu yake, hadithi imekuwa mbaya zaidi, kwa maana sasa hata mtoto wa miaka sita ataicheza na hataota ndoto mbaya. Mimi nataka aote.

Wala sikubaliani na kufunga vibanda. Sisi wenyewe tulilelewa kwa hofu. Mnakumbuka hadithi za amanani? Mazimwi yale yalimeza mama, yakameza watoto, yakameza ng'ombe na kijiji kizima. Magokoro hakutupunguzia kitu. Tulilala tumeshikana. Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, aliyetutisha alikuwa amekaa nasi motoni, mkono wake uko begani mwako, na akiona umetetemeka sana anaweka kuni nyingine. Pili, zimwi lilipochanjwa, waliomezwa walitoka, na kila mmoja alirudi kwao. Walikuwa wa mtu. Sijui kama leo kuna anayekaa na mtoto wake akimtazama anavyocheza gemu. Sokoni anakaa na watoto wenzake, na mwenye kibanda anahesabu dakika. Gemu hizi za mazombi huko Ulaya zinaandikwa 18 kwenye pakiti, lakini katika vibanda vyetu mtoto wa darasa la tatu akiwa na shilingi zake anacheza. Hilo linahitaji mkutano wake, leo nalipita.

Wacha niwaambie zombi alitoka wapi, kwa sababu niliwauliza vijana wakasema Marekani. Neno lilitoka Haiti, nchi walikopelekwa watumwa kutoka Afrika, na wataalamu wanalihusisha na lugha za Kongo. Watu wa Haiti hawakuogopa zombi atawala. Waliogopa kufanywa zombi, yaani ufe na bado uamshwe ulime shamba la mtu mwingine bila kupumzika. Watumwa walijua wanachokisema. Jirani zetu Watanzania wana msukule, ambaye ni karibu huyo huyo, aliyefichwa na mchawi ili afanye kazi usiku. Katika hadithi hizo za zamani zombi ndiye aliyeonewa. Unamlilia.

Halafu mwaka 1968 Mmarekani George Romero akatengeneza filamu iitwayo Night of the Living Dead, na hapo ndipo mazombi walipoanza kula watu. Watu wachache wamejificha katika nyumba ya shamba, maiti wamezunguka nje usiku kucha. Anayewaongoza ni mtu mweusi jina lake Ben, aliyeigizwa na Duane Jones. Wenzake wote wanakufa mmoja mmoja, yeye peke yake anafika asubuhi. Kunapambazuka, anasikia watu wazima wanakuja na bunduki na mbwa kuwasaka mazombi. Anasogea dirishani aone. Wanamwona kivuli, wanadhani ni zombi, wanampiga risasi. Kisha wanamburuta, wanamtupa kwenye moto pamoja na maiti wengine. Filamu imeisha.

Niliwasimulia vijana wetu hiyo, na kwa mara ya kwanza hawakuwa na la kusema. Kijana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kwa hivyo waliomchoma waliendelea nyumbani wakanywa chai?" Nikamjibu ndiyo, nafikiri walikunywa chai.

Hiyo ni hadithi inayotisha kuliko ile ya pointi 50, na ningeionyesha katika kila kijiji chetu. Inakutisha kwa sababu umekaa na Ben usiku kucha, unamjua, halafu unawaona wasiomjua wakifanya kazi yao vizuri na kwa utaratibu.

Gemu nazo zimejifunza jambo hilo, ingawa si zote. Mwaka 2009 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa Resident Evil ya tano. Eneo lake ni la kubuni, liko Afrika Magharibi, linaitwa Kijuju. Waliogeuka wanaitwa Majini, neno letu kabisa, na wanakukimbilia wakipiga kelele kwa Kiswahili! Vijana wetu walipoisikia walifurahi, lugha yao iko ndani ya televisheni. Nikawauliza, katika gemu nzima hao wanaosema Kiswahili wanapewa nafasi gani? Wanakuja, unapiga, wanaanguka. Watu wengi duniani waliilalamikia hata kabla haijatoka, tangu picha zake za kwanza zilipoonyeshwa mwaka 2007. Mimi nasema tu kwamba ikiwa mgeni ametufanya hivyo tukakasirika, tusimfanye hivyo bibi wa boma la tatu.

Mwaka 2012 kampuni nyingine, Telltale ya Marekani, ilitoa The Walking Dead. Hii ningeomba kila mweka hazina wa kikundi aicheze. Nacheka, lakini sikilizeni. Kuna mtu anaitwa Lee, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu, na kuna msichana mdogo anaitwa Clementine ambaye wazazi wake hawapo, naye Lee anamtunza. Kundi lao lina njaa. Porini wanakuta gari lililojaa chakula, milango wazi, hakuna mtu. Mtoto anauliza, je, kama ni la mtu? Wakubwa wanasema limeachwa. Wewe unayecheza unaweza kukataa kuchukua, lakini wenzako watachukua tu. Mnakula, mnaendelea, unasahau. Karibu na mwisho anatokea mwanamume, anakaa kitini mbele ya Lee, na anaanza kumwuliza aliyoyatenda, moja baada ya jingine. Lile gari lilikuwa lake. Chakula kile kilikuwa cha jamaa yake, na jamaa yake imesambaratika.

Kinachotisha hapo si damu. Kijana aliyenionyesha alisema huo ndio mlango aliouogopa zaidi ya yote, na alitaka kurudi nyuma akatende vingine, lakini gemu haikumruhusu kubadili lile la wenzake. Na mwisho wake Lee ameumwa, atageuka, na mtoto ndiye atakayempiga risasi au kumwacha. Wewe unamwambia afanye lipi. Mtoto! Ni jambo zito mno, lakini nakubaliana nalo, kwa kuwa kufikia hapo hakuna anayecheza ambaye hamjui Lee.

Kuna The Last of Us ya pili, ya mwaka 2020. Humo ukimwua adui, mwenzake anamwita kwa jina lake. Umempiga mtu gizani, na unasikia mtu mwingine akilia jina. Hilo ni wazo zuri. Lakini gemu yenyewe ni ndefu, inapiga, inapiga tena, saa baada ya saa. Mjukuu wangu alinionyesha sehemu, nikamwomba azime. Mtu akishaelewa, ukiendelea kumpiga kichwani anaacha kusikia uchungu, anasikia usingizi. Kwa hivyo hata hadithi yenye majina ina kipimo chake.

Sasa niwaambie langu, maana si haki kuwasema vijana peke yao.

Katika miaka ya tisini nilikuwa katika kikundi cha maigizo. Tulizunguka vijijini na masoko kuwaonya watu juu ya UKIMWI. Mchezo niliuandika mimi. Nilitaka watu waogope, kwa sababu tulikuwa tunazika kila wiki, na nilidhani wakiogopa vya kutosha watabadilika. Nikauandika ugonjwa wenyewe kama maiti inayotembea. Mchezaji wetu tulimpaka majivu, tukamfunga shuka, akawa anayumbayumba kati ya watu akinyoosha mikono. Watoto walikimbia wakipiga mayowe, watu wazima walicheka na kurudi nyuma. Tulipigiwa makofi kuliko siku zote. Tukapewa soda.

Katika kijiji kimoja kati ya hivyo kulikuwa na mama aliyekuwa amekonda. Hakuwa amesema anaumwa nini, na hakuna aliyekuwa na haki ya kumwuliza. Wiki iliyofuata watoto walianza kumfuata njiani wakinyoosha mikono kama mchezaji wetu. Kikundi chake cha kulima kwa zamu kikaacha kufika shambani kwake. Hakuna mkutano uliofanywa, hakuna aliyepiga kura, walikoma tu. Alipofariki waliokuja kumzika walikuwa wachache. Nilikuwa mmoja wao, na watoto waliponiona walinitambua, wakanikimbilia kuniuliza kama mchezo utarudi.

Sikuwa nimeweka damu katika mchezo ule. Mzee yeyote angeupitisha. Kosa langu ni kwamba nilimwonyesha mgonjwa kwa nje tu, anavyotembea, alivyokonda, anavyotisha. Sikumpa jina. Sikumpa mtoto wa kumwita ndani ale. Watu walikwenda nyumbani wakiwa na hofu mpya na hawakuwa na mahali pa kuiweka, wakamtafuta mwenye sura ile.

Dawa zilipokuja, na kutolewa bure katika hospitali za serikali kuanzia mwaka 2006, watu waliokuwa wakiitwa maiti walirudi mashambani. Wengine wako hapa leo, na mmoja wao ndiye atakayewafundisha kuku.

Basi vijana walipokuja nyumbani kwangu baada ya mkutano ule, tulikaa jioni tatu. Sikuwaambia waondoe kitu chochote cha kutisha. Niliwaambia wambadilishe yule kijana asiye na jina na yule bibi asiye na jina. Walilalamika kwamba kazi itaongezeka, kwa maana itabidi wachore sura mpya na kuandika maneno mapya, na kompyuta zenyewe ni mbili na stima inapotea. Lakini walifanya. Sasa hadithi inaanza mchana, siku tatu kabla ya ugonjwa. Unatumwa dukani. Unapita maboma yale yale, na katika boma la tatu bibi anakupa ndizi na kukuomba umsomee barua ya mwanawe aliye Nairobi. Macho yake ni mekundu tangu siku ya kwanza, na jikoni kuna moshi. Ugonjwa unapoingia, usiku unarudi pale na mtungi wako, na majirani wako nyuma yako, na hujui kama amegeuka au ni yeye tu kama alivyokuwa. Wanakusukuma. Hakuna pointi.

Niliicheza kipande hicho, mikono yangu si mwepesi, nikasimama mlangoni pale nisijue nibonyeze nini. Ninawaambia inatisha mara kumi kuliko ya kwanza.

Kuna jambo ambalo hawajakubaliana, na nimewaahidi nitalileta kwenu. Mwandishi anataka iwe kwamba ukimchoma, asubuhi gemu ikuonyeshe barua mpya ya mwanawe imefika, na huwezi kuizima mpaka uisome yote. Msichana mmoja wa kikundi anasema hiyo ni kumwadhibu mtu aliyekwisha jua kosa lake, na kwamba afadhali asubuhi majirani waje tu kwako kuazima jembe kama kawaida. Mimi niko upande wa msichana, nadhani, ingawa ile barua nayo haijanitoka akilini.

Wamemwandikia yule mama aliyeondoka mkutanoni, wakamwomba aisikie hadithi mpya kabla haijaonwa na mtu mwingine, na kwamba akisema iachwe, wataiacha. Amejibu kwamba atakuja Jumamosi, lakini hatatazama kwenye kompyuta. Anataka wamsomee. Tafadhali wale wenye viti vya plastiki watuazime sita.

Karibu mwenye kuku.